Mwiko Uliosubiri Mbio

Majina yao yote ninayo kichwani, wale wazee saba waliokaa uani kwangu siku ile, pamoja na majina ya baba zao. Siyaandiki. Tulikuwa tunakutana kanisani kila Jumapili, na siku moja tutahitaji kuzikana.

Mjukuu wangu nimemlea mimi hapa Maretadu tangu mama yake alipofariki. Alianza kukimbia kwa sababu shule ilikuwa mbali na mimi nilikuwa namchelewesha, mpaka amalize kukamua. Baadaye ikawa kazi. Akapata meneja Arusha, akapelekwa nchi za nje kukimbia marathoni, na kijiji kizima kikaanza kumwita mtoto wetu. Hata waliokuwa wakimcheka kwamba ana miguu ya korongo, nao wakasema wetu.

Mwaka jana, wakati wa kupalilia maharage, alikuja kupumzika. Hakuniambia kama ana mimba. Nilijua siku ilipotoka. Ilikuwa ya miezi minne. Tulizika nyuma ya nyumba, mimi na yeye, kwa jembe lile lile la kupalilia.

Kwetu mwanamke aliyepoteza mimba anafungiwa. Hapiti mashamba ya watu, hachoti maji kwenye chemchemi ya wote, hasalimiani na mtu, mpaka wazee wamfungulie. Tumebatizwa, ndiyo, lakini jambo hili hatujaliacha. Tunaogopa ng'ombe wa watu wataharibu mimba, na wanawake wengine nao wataharibikiwa. Mimi nilifungiwa mara mbili nikiwa kijana. Ni upweke mkali, sidanganyi. Lakini pia ni miezi ambayo hakuna anayekuambia beba, lima, amka. Unalala mpaka mwili urudi.

"Bibi, waambie wanifungie," mjukuu aliniambia. Alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani. "Meneja anataka nikakimbie baada ya wiki tano. Mimi siwezi kumkatalia, nimesaini. Wazee wakinifungia nitamwambia ni mila. Damu bado inatoka, Bibi."

Nikawaita wazee. Niliona ni jambo jepesi, maana sijawahi kuona mwiko huu ukibishaniwa.

Mkubwa wao aliuliza, "Mama, mbio ni lini?"

"Wiki tano."

"Na tukifunga leo, anatoka lini?"

"Si mwakani? Nyie ndio mnajua."

"Mwakani!" akaruka mwingine. "Mwakani ile miguu itakuwa imeota kutu!"

Wakacheka. Wakacheka uani kwangu, na kaburi liko nyuma ya nyumba. Mmoja akasema meneja ameahidi kwamba akishinda hii watakuja watu wa televisheni mpaka hapa, na barabara itachongwa. Mwingine, mzee wa kanisa, akasema, "Halafu sisi ni Wakristo jamani, tusizidishe." Huyo huyo alimfungia mke wa mwanawe mwaka mzima, hata kwenye Krismasi.

Mkubwa wao akamaliza: "Aende akimbie kwanza. Mwiko utamsubiri."

Mjukuu alikuwa nyuma ya mlango, anasikia kila kitu. Mwenye nyumba akikataa mtu wake kutoka, wazee hawana la kufanya, na mwenye nyumba ni mimi. Nikafungua mdomo. Halafu nikakumbuka jinsi wanavyonipisha kiti kwenye basi la Mbulu, "bibi yake yule amepanda, mpisheni." Nikasema, "Mmesema nyie." Basi. Nikaenda kuwachukulia chai.

Siku ya kuondoka walimsindikiza kwa vigelegele mpaka ng'ambo ya chemchemi.

Mbio zilionyeshwa mchana kwenye kibanda cha mpira pale senta. Waliniweka mbele kabisa.

"Mwoneni yule wa kijani, anamfuata wetu kama ndama!"

"Mwambie hakuna maziwa huko, atafute mama yake!"

"Bibi, leo utachinja!"

Mimi nilikuwa naangalia mikono. Tangu mtoto, akichoka huyu, anakunja kidole gumba ndani ya ngumi. Gumba lilikuwa limeshaingia na wao bado wanacheka. Akaanza kupitwa na mmoja, akapitwa na wengine. Akatoka pembeni ya barabara, akashika uzio, akachuchumaa. Kamera ikaenda na waliobaki. Haikumrudia tena.

Watu wakaanza kuinuka. Kisha sauti ikatoka nyuma: "Si nilisema? Ameondoka na mwiko mwilini yule." Hakuwa amesema. Nilimgeukia nikamtazama, akainamia simu yake.

Wiki ile ng'ombe wawili wa jirani waliharibu mimba. Mjukuu hata hajafika nyumbani, wazee wamesharudi uani, wote saba, na safari hii hawakukaa. Wakafunga nyumba: mimi papo hapo, na yeye akifika.

"Alikanyaga chemchemi yetu," akasema mzee wa kanisa.

"Mlikuwa mnampigia vigelegele akiikanyaga."

"Mama, usitafute maneno."

Nilidhani mwiko wetu ni jiwe. Kumbe unasogezwa, ukiwazuia watu kushinda.

Sasa jirani anatuachia ndoo ya maji kwenye kona ya njia, anakimbia bila kugeuka. Meneja hapokei simu. Kila asubuhi mjukuu anavaa raba zake, anafunga kamba vizuri, halafu anakaa kitandani nazo mpaka jua lipande. Hakuna njia isiyopita shamba la mtu. Tumbo bado linamuuma na hospitali iko Mbulu, nami nimetuma ujumbe kwa wazee mara tatu watufungulie tu tupite. Wamejibu muda haujafika.

Mjukuu hawalaumu wazee. Jana ameniuliza mimi.

"Bibi, siku ile ulifungua mdomo. Nilikuona kwenye ufa wa mlango. Ulitaka kusema nini?"

Nimemwambia sikumbuki. Mimi, ninayekumbuka jina la kila mtu.