Daku Kabla ya Kisu

Nilizaliwa na kitovu kikubwa. Kilitokeza mbele kama limau, na nilipocheka kilicheka nami. Wasichana wenzangu, tulipokuwa tukioga kwenye maji mafupi ambako mamba hawakufika, walipenda kukibonyeza kwa kidole kiingie ndani, kisha wangoje kitoke tena. Niliwatoza ndizi mbivu moja kwa kila kidole. Hakuna mtoto kijijini aliyekula ndizi nyingi kama mimi.

Hii ilikuwa miaka ya hamsini, nami nilikuwa na miaka kumi na miwili hivi. Nilikaa na bibi yangu, mzaa mama, kando ya Mto Tana, mwendo wa nusu siku kwa mtumbwi juu ya Garsen. Bibi alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuvuka mto, na katika maisha yake yote hakuwahi kukosea. Akisema leo itanyesha na isinyeshe, basi ni mvua iliyokosea. Akimwita mtu kwa jina la nduguye, mtu huyo alishauriwa kuitika.

Tena hakuna aliyetoka kwake na njaa. Hata mgeni aliyeleta habari ya msiba ilibidi ale kwanza, ndiyo maana misiba ya watu ilichelewa sana kufika nyumbani kwetu. "Shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza," alikuwa akisema huku akinipakulia mara ya tatu, na mimi, niliyekuwa mjukuu mtiifu upande wa chakula, sikubishana naye.

Siku moja kitovu changu kilitoka kikakataa kurudi. Kikawa kigumu, nikaumwa hata nikashindwa kusimama wima. Bibi alinitia mtumbwini akanipeleka Garsen, akimwamrisha mpiga kasia njia nzima kana kwamba mto huo aliuchimba yeye. Dresa, mtibabu msaidizi wa zahanati ya pale, alinilaza, akakikanda kitovu kwa subira mpaka kikaingia.

"Leo kimekubali," alisema. "Siku nyingine huenda kikakataa kabisa. Mpeleke hospitali ya huko chini mtoni akashonwe. Ni kazi ndogo, bibi. Wanamlaza kwa dawa, wanamshona, anaamka."

"Na asipoamka?" aliuliza Bibi.

Dresa alisita kidogo. Nilimpenda kwa kusita kule, maana wengi wangecheka tu. "Huamka," alisema. "Ni mara chache sana mtoto kulala moja kwa moja. Ila mfuate yale mtakayoambiwa."

Tukateremka na mto. Hospitali yenyewe ilikuwa jengo refu jeupe lenye vitanda pande mbili, na nyuma yake banda la kupikia la jamaa za wagonjwa. Bibi alilikagua banda kabla ya kumtazama daktari. Kitanda cha jirani yangu kilikuwa na mtoto wa Kisomali aliyekuja kukatwa vinyama vya koo, pamoja na mama yake, mke wa mwenye duka kule Garsen. Mama huyo alikuwa mrefu, mpole, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini kilifika kila kilikotumwa.

Jioni ile alikuja muuguzi, kijana wa Kigiriama mwenye kaptura nyeupe iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe.

"Bibi, kesho asubuhi ni zamu ya mtoto wako. Kuanzia sasa asile kitu chochote. Asinywe hata maji, mpaka nitakapokwambia mimi. Sababu yake ni kwamba—"

"Nimesikia, mwanangu," Bibi alimkata. "Mimi si mtoto."

Kijana akabaki na sababu yake mdomoni. Bibi naye alikwenda zake bandani kuangalia moto. Mama wa Kisomali ndiye aliyemwomba muuguzi amalize maneno yake, naye akamaliza, wakasemezana kwa sauti ya chini. Mimi sikusikiliza. Nilikuwa nikishangaa shuka. Nilikuwa sijawahi kulala juu ya kitu cheupe namna ile, na niliogopa kukipaka mafuta ya nywele.

Kabla ya alfajiri Bibi aliniamsha kwa kunifinya sikio. Mkononi alikuwa na bakuli la wali, kambare wa nazi juu yake, na pembeni ndizi mbili na kikombe cha chai ya maziwa.

"Amka, ule daku," alininong'oneza.

"Bibi, Ramadhani imeshapita."

"Kufunga ni kufunga. Mwenyezi Mungu mwenyewe aliyetuamuru saumu ametupa na daku. Huyu kijana na kaptura yake ni nani hata amzidi Yeye kwa ukali? Kula upesi, kabla hakujapambazuka."

Hoja ilikuwa nzito, na kambare alikuwa mnono. Nilikula kwa furaha kubwa, sitaki kudanganya. Nilikula mpaka ukoko wa wali, nikalamba vidole, nikalala tena. Bibi aliosha bakuli, akaswali, akawa tayari kwa lolote.

Asubuhi muuguzi alikuja na kitanda cha magurudumu. "Bibi, mtoto hajala kitu tangu jana jioni?"

"Tangu alfajiri hajaonja hata mate yake," alijibu Bibi.

Alikuwa amejibu swali ambalo hakuulizwa. Lakini kijana alikuwa na wagonjwa wengine wa kuandaa, na bibi wa watu alikuwa amesimama mbele yake na tasbihi mkononi. Akanigeukia mimi. "Kweli?"

Nilimtazama Bibi. Nilikuwa na hofu mbili asubuhi ile, kisu na Bibi, na kisu ndicho kilichokuwa hofu ndogo. Nikatikisa kichwa kukubali.

Chumba cha kupasulia kilinuka dawa. Daktari alikuwa Mzungu mzee mwenye nyusi nyingi. Alinipigapiga begani akasema, "Wewe hapana ogopa, wewe nalala kidogo tu." Muuguzi aliniwekea usoni kikombe cha waya kilichofunikwa kitambaa, akaanza kudondosha dawa juu yake tone kwa tone, akaniambia nihesabu. Harufu ilikuwa tamu na kali, ikinikwaruza koo. Nilipofika tisa masikio yalianza kuvuma. Nilipofika kumi na moja nilihisi wali wangu umeanza kutembea, na hapo nikajua kwa yakini kwamba nimefanya jambo baya, nikataka kusema. Ulimi haukunitii tena. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Yaliyotokea nje nilisimuliwa baadaye, na mama wa Kisomali aliyasimulia vizuri kuliko Bibi. Walikuwa wamekaa barazani. Mwanawe, ambaye zamu yake ilikuwa inafuata, alikuwa akilia njaa, na mama alikuwa akimbembeleza. Bibi alimwonea huruma.

"Wangu hana shida hiyo," alisema kwa majivuno. "Mimi nilimpa daku. Amekwenda na tumbo zito."

Yule mama aligeuka. "Nani? Ile msichana? Wewe napa yeye chakula?"

"Wali na kambare."

"Mama mzee!" Akamshika mkono. "Muuguzi mimi ambia jana. Mtoto nalala kwa dawa, lakini chakula hapana lala. Chakula napanda juu, naingia kwa pafu. Mtoto nazama, na maji hapana! Jirani yangu zamani, mtoto yake napeleka kata koo hivi hivi, kazi kidogo. Sahani moja tu ya nyama nakula. Narudi nyumbani nafunikwa shuka."

Watu wa mtoni hawahitaji kuelezwa maana ya kuzama. Wahenga wanasema majuto ni mjukuu, na wa Bibi alikuwa mezani nyuma ya mlango. Mama wa Kisomali anasema Bibi hakuinuka kama wanavyoinuka wazee, kwa kushika goti kwanza. Aliruka. Tasbihi ikaanguka, kiatu kimoja kikabaki barazani. Mlangoni palikuwa na bawabu aliyewekwa kuzuia watu, mwanamume mwenye kifua, naye hakuweza kueleza baadaye amepitwa na nini.

Mimi nilimsikia. Hilo nalikumbuka mwenyewe, na ni jambo la mwisho ninalolikumbuka: sauti ile ya kuvuka mto, ikija kutoka mbali sana.

"Amekula! Mwacheni! Nimemlisha mimi! Amekula!"

Walikiondoa kikombe usoni, wakanigeuza ubavu na kuinamisha kichwa changu, na hapohapo daku lote likarudi. Sehemu kidogo ilikuwa imeshapotea njia. Muuguzi aliniambia kwamba midomo yangu iligeuka rangi ya zambarau na kifua kikasimama, na daktari akawa ananichokoa koo kwa kidole kilichofungwa kitambaa, akitoa wali, akinipiga mgongoni, akitoa tena wali. Bibi alikuwa amesimama pale katikati ya chumba kisichoingiwa na mtu, kiatu kimoja mguuni, akiuona wali wake unavyotoka. Halafu nikakohoa. Wote wakangoja nikohoe tena, nikakohoa tena.

Nilipozinduka sawasawa kitovu changu kilikuwa palepale, kizima, hakijaguswa. Niliudhika sana. Kifua kiliniwaka moto, na kando ya kitanda muuguzi alikuwa akisema na Bibi. Alikuwa na hasira, lakini ya mtu aliyeogopa.

"Dawa ile hailazi macho tu, bibi. Inalaza na koo. Mimi na wewe tukipaliwa tunakohoa. Aliyelazwa hakohoi. Kinachopanda kinaingia tu, kimya kimya. Haitokei sana, kwa sababu watu wanakuja na matumbo matupu. Ungechelewa kidogo tu..."

Nilingoja jibu la Bibi. Nilijua litakuwa kali, na kwamba kijana yule angeondoka hapo amejifunza adabu. Bibi aliitazama mikono yake.

"Nimekosa," alisema.

Nilidhani ni dawa bado iko kichwani mwangu.

"Nimekosa, mwanangu. Hukumaliza kuniambia kwa sababu mimi sikukuachia umalize. Na mtoto alinyamaza kwa sababu ananiogopa. Makosa ni yangu yote mawili."

Daktari ndiye aliyeokoa hali, maana alipita, akamtazama Bibi, nyusi zikapanda. "Bibi," alisema, "wewe nafanya makelele mzuri sana leo." Akaenda zake. Mama wa Kisomali alicheka mpaka akajifunika uso kwa ushungi, Bibi akajaribu kukasirika ikashindikana, na wadi nzima ikacheka, hata mwana wa yule mama, aliyekuwa bado hajala.

Kifua changu kilichukua siku nane kutulia. Ilipokaribia zamu yangu ya pili, Bibi alinilinda kama shamba la mpunga linavyolindwa dhidi ya ndege. Alifukuza jamaa waliotoka kijijini na vikapu vya maembe. Mgonjwa mmoja, mzee wa Kiorma, aliyetaka kunionjesha maziwa yake alielezwa habari ya mapafu kwa urefu usio na huruma. Bibi alikuwa ameihifadhi yote, na sasa aliifundisha yeye. Jioni alinivuta karibu akaninusa mdomo. Yeye mwenyewe hakula kitu tangu saa ile niliyokatazwa mimi, na alfajiri ilipofika hakula daku. Nilimwambia yeye hashonwi.

"Najua," alisema. "Nyamaza."

Safari hii nilihesabu mpaka kumi na nne, nikalala, nikashonwa, nikaamka. Ilikuwa kazi ndogo, kama alivyosema dresa. Nilijipapasa tumbo nikakuta bandeji tambarare, nikasikitika kidogo kwa zile ndizi.

Jioni yake muuguzi alileta bakuli la uji mwepesi na kijiko. Bibi alilipokea. Nilijiweka vizuri nikafungua mdomo, maana nilikuwa na njaa ya siku nzima. Bibi alichota kijiko kimoja, akakiinua, kikasimama katikati ya safari. Akamgeukia yule kijana, ambaye angeweza kuwa mjukuu wake.

"Nimpe?"

"Mpe, bibi."

Akanipa. Akachota cha pili, kikasimama tena palepale.

"Na hiki, mwanangu? Nimpe?"

"Mpe, bibi. Mpe wote."

Hakuniangalia mimi. Alikuwa bado anamwangalia yule kijana, akingoja aambiwe na cha tatu.