Wateja Wanamlaumu Mke Mwenzangu, Kompyuta Yenye Kosa ni Yangu

Jina langu liacheni pembeni, maana hapa Nangurukuru tunajuana. Nina miaka thelathini na sita, watoto watatu, na ni mke mkubwa. Nina steshenari karibu na stendi: nachapa barua, natoa kopi, nawajazia vijana maombi ya ajira na vyuo. Wasio na barua pepe nawafungulia mimi, na nywila zao nazihifadhi kwenye kompyuta yangu ili wakirudi tusihangaike.

Mwaka jana mume wangu alioa mke wa pili, akamfungulia steshenari ng'ambo ya barabara. Mimi nina kompyuta ya mtumba. Yeye alinunuliwa mpya, programu zote halali. Nilikuwa nachungulia wanaoingia kwake hadi naharibu kopi za watu.

Programu yangu ya kuandikia ilipogoma ikidai leseni, mke mwenzangu alisikia, akavuka barabara mwenyewe.

"Shikamoo dada. Zipo za bure, tena halali. Nikuwekee?"

"Marahaba. Umepewa duka, na ualimu pia umepewa?"

Akacheka kidogo, akarudi kwake. Nikamwita fundi wa simu, akaja na kiprogramu cha kuvunjia leseni. "Zima antivairasi kwanza, mama, itatusumbua." Nikazima. Kompyuta ikafanya kazi, nikafurahi kwamba sikumhitaji yule.

Baada ya wiki chache wateja wakaanza kulalamika. Barua pepe zao zimeingiliwa, nywila zimebadilishwa. Binti mmoja hawezi kufungua maombi yake ya chuo. Mama yake akaniuliza, "Au ni kule kwa mwenzio? Juzi alichapisha huko."

Nikajibu, "Yawezekana."

Neno hilo limezunguka stendi nzima. Kwake sasa haingii mtu, na mume wetu anasema mwisho wa mwezi analifunga lile duka.

Wiki hii mwalimu mmoja wa kompyuta aliikagua mashine yangu. Akasema kile kiprogramu ndicho kilichoiba nywila. Amefuta kila kitu, ameniwekea programu ya bure, ileile niliyoikataa. "Waambie wateja wako wote wabadilishe nywila leo."

Tangu "leo" hiyo zimepita siku nne, na sijamwambia mtu. Nikiwaambia, watajua ni mimi, na wote watahamia kwa mke mwenzangu. Nikinyamaza, wataendelea kuibiwa, naye atafungiwa duka kwa kosa langu. Asubuhi alinisalimia kama kawaida.

Ndugu zangu, nipeni ushauri. Nianze kwa wateja, kwa mume, au nivuke barabara?