Shikamoo, Bi Hawa

Nilipokuwa mtoto wa miaka saba nilimpa mke wangu jina, bila kukusudia, nikiwa nimeshika bakuli la uji.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi wa dhahabu karibu na Geita, ambako baba alikuwa fundi wa pampu. Familia mbili zilitenganishwa na ukuta mmoja mwembamba. Upande wa pili wa ukuta wetu walikaa Baba Masanja na mkewe, Wasukuma wa Mwakitolyo. Mama Masanja alikuwa amejifungua binti, na binti alikataa kunyonya. Siku ya kwanza watu walisema amechoka. Siku ya pili walinyamaza. Siku ya tatu kilio chake kilikuwa kimefifia kiasi kwamba mama yangu alisimama karibu na ukuta, mwiko mkononi, ili akisikie.

Bibi wa mtoto, mama wa Baba Masanja, alikuja siku hiyo kwa lori kutoka nyumbani. Yeye hakuona ugonjwa. Mtoto anayekataa titi, kwa imani yao, ameshikwa na marehemu wa ukoo anayetaka jina lake lirudi. Kazi ya wazee ni kuyataja majina moja moja huku titi likiwa mdomoni mwa mtoto. Jina atakalonyonyea ndilo lake, na hakuna wa kulibishia.

Mchana ule mama alinituma nimpelekee mzazi uji wa mtama. Nilimkuta bibi amechuchumaa mbele ya mkwewe.

“Minza,” alisema, akasubiri. “Kabula.” Akasubiri. “Ng'wasi, kama ni wewe, njoo. Maziwa haya hapa.”

Mtoto aligeuza uso. Bibi alikuwa akihesabu kwa vidole, na vidole vilikuwa vimekwisha. Alianza upya na mashangazi wa babu yake, watu ambao hata mwanawe hakuwajua. Mama Masanja alikuwa akilia bila sauti. Mimi nilisimama pale na bakuli, nisijue nilitue wapi.

Ndipo mlangoni akaingia mkunga aliyemzalisha, Bi Hawa, Mmanyema wa Ujiji, Mwislamu, mwenye mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi. Nyumbani kwetu mtoto aliyepitwa na mtu mzima bila kumwamkia alichapwa.

“Shikamoo, Bi Hawa,” nilisema.

“Marahaba, mume wangu,” alijibu, kama alivyomjibu kila mvulana wa kambi.

Kisha tukasikia mtoto anameza.

Bibi aligeuka polepole. “Nani ametaja jina?”

“Mimi. Nimeamkia tu.”

“Umemwita,” alisema. “Umemwita wewe, ng'wana wane, mwanangu. Basi utamwita mpaka siku asipoitika.”

Baba Masanja aliporudi kutoka zamu hakufurahi. Bi Hawa si ndugu, alisema. Tena yu hai, tena ni Mwislamu. Jina la mtu aliye hai linarudi vipi?

“Mwambie binti yako ayatapike hayo maziwa,” bibi alimjibu.

Bi Hawa yeye alileta kanga mpya, akamfunika mtoto na kumwita “somo yangu,” yaani mwenye jina moja naye, na neno hilo lilimtosha.

Ugumu ulikuja siku katekista alipokuja kuandika watoto wa kubatizwa. Alisema Hawa si jina la ubatizo, akaandika Eva. Bibi akataka kujua huyo Eva ni nani, na katekista, mtu mwaminifu, akamweleza habari yote ya tunda.

“Aliyefukuzwa shambani?” bibi aliuliza. “Mmekosa majina?”

“Ni yule yule Hawa, mama,” alisema Bi Hawa. “Kwetu ni mama wa watu wote. Na walifukuzwa wawili. Wanaume wanaitwa Adamu kila siku, mbona hakuna anayewauliza?”

Hivyo alikua na majina kadhaa, na kila mlango ulikuwa na lake. Mke wa mwenye duka la nguo, Mhindi Mwislamu, alimwita Hawabai na kumpa kipande cha sukari guru, kwa kuwa mama yake mzazi aliitwa hivyo. Shuleni wavulana walimwuliza Eva kama tunda lilikuwa tamu. “Tamu,” aliwajibu. “Nyinyi hamkuachiwa.” Tulipooana, wenzangu chuoni wakimsikia nikimwita Hawa walidhani nimeoa Mwislamu, na kanisani walidhani nina mke mwingine. Yeye aliitika yote. Mimi sikuwahi kutumia jingine.

Baadaye nilisoma vya kutosha kujua kwamba maziwa ya mzazi mara nyingi hujaa kuanzia siku ya tatu. Yawezekana jina lolote lililotajwa mchana ule lingenyonyewa. Mama angechelewa kidogo kuupooza uji, leo ningekuwa nimefiwa na Minza, au na shangazi mmoja wa babu nisiyemjua. Nilimweleza hayo mke wangu jioni moja, kwa mpangilio mzuri, kama mhadhara.

“Lakini hukuchelewa,” alisema, akaendelea kuchambua mchele.

Mwaka huu, asubuhi moja, nilisimama mlangoni mwa chumba chetu na bakuli la uji, chakula pekee alichokuwa bado anakiweza. Nilimwita. Nikamwita tena.

Kwenye msalaba wa kaburi lake wameandika Eva, kama ilivyo katika kitabu cha kanisa, nami sikubisha. Bibi yake alipatia karibu yote. Alisema nitamwita mpaka siku asipoitika. Siku hiyo imepita, na jana, nikitafuta miwani, nilimwita.