Kung'arisha Gari la Baba

Mwezi wa Aprili baba alinipigia simu kunieleza kwamba daktari amekata tamaa na jicho lake la kulia, na kwamba la kushoto nalo liko njiani. Alinipa habari hiyo kwa sauti ileile ambayo hunipa habari za ng'ombe aliyezaa. Kisha akasema kuna kitu kimoja tu anachotaka: lile gari lake jekundu ling'arishwe, alione likiwa kama zamani, macho yakiwa bado yapo. Nikamwambia nitakuja wiki ijayo.

Nilikwenda Agosti.

Sababu ninazo, na kwa miezi minne nilizitoa moja moja kila alipopiga simu. Mimi ni fundi wa cherehani mjini Kisii. Shule zikikaribia kufunguliwa, wazazi wote wanakumbuka siku moja kwamba watoto wao wana miguu na miguu inarefuka. Sare zikaisha, zikaja nguo za harusi. Harusi ikaisha, nikasema ni mvua. Baba hakunilaumu hata mara moja. "Sawa, mama, kazi ni kazi," alisema. Ananiita mama kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Ningefurahi kama angenigombeza, maana mimi nikigombezwa najua la kusema. Nikisamehewa sijui.

Gari lenyewe alilinunua mwaka aliostaafu ualimu. Lilikuwa jekundu kama nyanya iliyoiva, na kwetu Nyansiongo kila mtu alilijua. Alikuwa akiliosha mwenyewe kila Ijumaa asubuhi kwa maji ya mtungi na kitambaa chake maalumu, na ole wako ukitumia kitambaa hicho kufutia meza. Lakini jua halina heshima kwa mwalimu. Likichanganyika na vumbi la barabara na kinyesi cha ndege wanaolala kwenye mparachichi wetu, rangi ilififia mpaka boneti ikawa kama fizi za mgonjwa. Ukipitisha kidole, kinatoka na unga wa waridi.

Nilifika nyumbani Ijumaa saa sita mchana, nikiwa na kopo la dawa ya kusugua rangi, kopo la nta na mfuko wa vipande vya pamba laini kutoka dukani kwangu. Hapo nilikuwa nimeshakosea. Sisi ni Wasabato, na kwa baba jua likizama Ijumaa kazi imekwisha, hata kama umebakiza kifungo kimoja. Mtu mwenye akili zake hawezi kuanza kazi ya siku nzima Ijumaa mchana. Mimi nilikuwa nimetazama video kwenye simu, ambamo kijana mmoja anamaliza gari zima kwa muda wa kuchemsha chai, nikaamini.

Nililiosha mara mbili, maana chembe moja ya mchanga ikibaki unaichora rangi badala ya kuisugua. Nikalikausha, nikalisukuma kivulini, nikaanza na boneti. Unatia dawa kidogo kwenye pamba, unazungusha viduara vidogo, hukandamizi, hukimbii. Kitambaa changu kikaanza kuwa chekundu. Mama alipotoka jikoni na kukiona aliweka mikono kichwani.

"Wewe! Unatoa rangi yote!"

"Natoa ile imekufa, mama. Ile nzima iko chini."

"Na kama chini hakuna kitu?"

Hilo nami nilikuwa nikijiuliza kimoyomoyo. Lakini baada ya robo saa nilifuta sehemu ndogo kama sahani, na pale palipokuwa pamefifia nikaona wekundu niliousahau, umekolea, umelowa kana kwamba umepakwa asubuhi hiyo. Nilitaka kupiga kelele. Nikamgeukia baba, aliyekuwa ameketi barazani na kofia yake, nikamwita aje aone.

"Usinionyeshe kazi nusu," alisema. "Umalize kwanza. Nataka kuiona yote mara moja."

Hayo ni maneno ya mwalimu kabisa, nikacheka. Muuza maziwa akapita njiani na pikipiki yake, akapunguza mwendo kuangalia mwanamke aliyejifunga leso kiunoni na kukumbatia gari. "Dada, hiyo gari unaosha ama unaibembeleza?" Nikamwambia apeleke maziwa kabla hayajaganda. Baba naye alicheka, na kwa muda mfupi mambo yalikuwa mazuri.

Kisha akauliza, "Jua limefika wapi?"

Nikamwambia bado liko juu ya mikaratusi. Nikaendelea na mlango wa kwanza. Baada ya kitambo akauliza tena. Nikamjibu. Akauliza mara ya tatu, na wakati huo mkono wangu unauma mpaka begani, nusu ya gari bado haijaguswa, na ninajua kosa ni langu, na hakuna kitu kinachonitia hasira kama kosa ambalo ni langu.

"Tata," nilimwita baba kwa Kikisii, "si uko hapo nje kama mimi? Angalia mwenyewe!"

Akageuza uso polepole kuelekea upande wa machweo, akakaa hivyo. Mama akatoka, akasimama nyuma ya kiti chake, akasema kwa sauti ya chini, "Limeshika miti." Baba akaniambia niweke vitambaa chini. Nikabisha kidogo, nikasema nimebakiza upande mmoja tu. Akasema upande huo hauendi popote, Jumapili itaukuta hapo.

Kesho yake tukaenda kanisani na gari la rangi mbili. Boneti na upande wa kushoto vilikuwa vinawaka, upande wa kulia ulikuwa umefifia vilevile. Mimi niliendesha. Baba alitoka nyumbani ameshika mkono wa mama, na mlangoni mwa gari alipapasa kidogo kabla ya kupata pa kushika. Nikadhani ni uzee. Mzee wa kanisa alipotuona alizunguka gari mara mbili, akasema, "Mwalimu, hii gari yako imeokoka nusu. Hii nusu ingine tuiombee." Watu wakacheka sana. Baba alicheka kuliko wote, akasema nusu iliyobaki itabatizwa kesho.

Jumapili niliamka nikiwa na nia moja. Sikunywa hata chai. Nilisugua upande wa kulia, nikasugua paa nikiwa nimesimama juu ya kigoda cha kukamulia, nikasugua buti. Kwenye kingo niliegemeza kidole kimoja tu, maana hapo rangi ni nyembamba na ukiisukuma unakutana na bati. Palikuwa na kutu juu ya gurudumu la nyuma, sikuweza kuifanya lolote, nikaiacha. Kisha nikapaka nta, nikasubiri ikauke iwe kama ukungu, nikaifuta. Kila nilipofuta niliwaza yule mzee ndani ya nyumba, na jicho lake moja. Nilikuwa nikijisemea kwamba nimechelewa lakini nimefika. Nilijisemea kwamba akiliona leo, ile miezi minne itakuwa imefutika, na hata asipoliona tena maishani, hili atakuwa nalo.

Saa nane hivi nikamaliza. Nikarudi nyuma hatua kumi nikalitazama. Sijawahi kushona kitu kizuri hivyo. Mparachichi ulikuwamo wote ndani ya mlango kama kwenye kioo, na matawi yake, na mimi chini yake nimechafuka kama mtoto.

"Tata! Njoo! Nimemaliza!"

Nilisikia redio ikizimwa, na kiti kikiburutwa. Akaanza kutafuta viatu. Wakati huohuo matone ya kwanza yakaanguka, yale makubwa ya alasiri za kwetu, na nta ilikuwa bado haijashika vizuri. Nilikuwa na shuka kuukuu kwenye kamba, pana, ya kitanda cha wageni. Nikaivuta, nikaitupa juu ya gari, nikaivuta huku na huku mpaka ikalifunika lote, kioo kwa kioo, hadi karibu na magurudumu. Nilifikiri mvua ikipita kidogo nitamfunulia, kama bibi harusi.

Baba akatokea barazani. Mama alikuwa nyuma yake, mkono wake chini ya kiwiko cha baba. Akasimama mwisho wa ngazi, akavua kofia.

"Aaa," alisema. "Sasa hii ndiyo gari."

Nikadhani ananitania. Yeye ni mtu wa utani. Nikatabasamu, nikashika pindo la shuka nikiwa tayari kumjibu.

"Ni ile rangi kabisa," aliendelea, na sauti yake ilikuwa imelainika. "Vile ilikuwa siku nimeileta. Naona hata ule mti kwa mlango. Mbuya mono, vizuri sana, mama. Umefanya kazi."

Uso wake ulielekea mahali fulani kati yangu na boma la ng'ombe. Nilimtazama mama. Mama alitikisa kichwa mara moja, polepole, kunikataza. Alikuwa anajua. Nadhani alijua tangu Mei au Juni, wakati mimi nikihesabu vifungo vya sare za watoto wa watu. Na baba alikuwa amekaa na giza lake, akiniambia kazi ni kazi, ili nisije nikafika nyumbani nikiwa na aibu.

Nilitaka kumwangukia magotini nimwambie nimechelewa, Tata, nisamehe, nimechelewa. Lakini angejua kwamba nimejua, na kile alichokuwa ananipa kingevunjika mikononi mwetu sote.

"Inang'aa, Tata," nikasema.

"Inang'aa sana." Akainua kiganja, tone moja likakidondokea. "Sasa ifunike. Nasikia mvua."

Nikaivuta shuka yote kutoka kwenye gari. Nikaikung'uta hewani kwa nguvu, mara mbili, asikie. Kisha nikaitandaza upya, taratibu, nikipigapiga kila upande kwa kiganja, naye alisimama pale akisikiliza mpaka nilipomaliza.