Matukano ya Mapasa Kando ya Musonoi

Nilipokuwa mtoto tulikuwa na njia moja tu ya kwenda kwa kina mama yangu, nayo ilifuata mto Musonoi. Ilianzia nyuma ya kambi ya wafanyakazi wa mgodi tulikokaa, ikapita penye vidimbwi ambamo wanawake waliloweka mihogo, ikavuka mto kwenye daraja la magogo, kisha ikapanda taratibu upande wa pili hadi kijijini. Haikuwa njia ya serikali wala ya kampuni. Waliopita ndio walioitunza: mwenye jembe alikata nyasi, asiye na jembe aliondoa jiwe.

Njia hiyo sasa imefufuka. Vijana wa mtaa wetu, pamoja na wachimbaji kadhaa wa Kasulo, wameisafisha kwa salongo, yaani kazi za pamoja za Jumamosi, ili watu wapate mahali pa kutembea asubuhi mbali na malori. Maji ya Musonoi si yale niliyoyajua, lakini njia ni ile ile. Kamati yao ilinijia nyumbani kuuliza majina ya zamani ili wayaandike kwenye vibao. Nilifurahi, kwa sababu sipendi mahali paitwe kwa jina lisilo lake. Nikawatajia yote kwa mpangilio. Nilipofika kwenye daraja nikasema panaitwa Pa Matukano. Katibu wa kamati, binti mwenye adabu nyingi, aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi.

"Papa, matukano ya kutukana batu?"

"Ndiyo, mama. Ya kutukana batu."

Wakacheka, wakaandika. Hawakuniuliza zaidi, na mimi si mtu wa kusimulia asichoulizwa. Ila tangu siku hiyo jambo lenyewe limekaa nami, basi naliandika.

Baba yangu aliitwa Kalenga Anastase. Alikuwa karani wa bohari ya mgodi, mtu wa kaptula iliyonyooshwa kwa pasi na soksi nyeupe zilizoishia chini ya magoti. Alizaliwa kaskazini, upande wa Kabongo, akasomeshwa na mapadre. Kanisani aliimba Kilatini kwa sauti nzito, lakini nyumbani alizungumza kama mtu anayeokoa wino. Sikumbuki kumsikia akifanya mzaha kabla ya siku ninayoisimulia.

Mama yangu, Mwadi Véronique, alijifungua mapasa, yaani watoto pacha. Kwa Waluba pacha huja na majina yao: wa kwanza ni Kyungu, wa pili ni Kabange, hakuna wa kuchagua. Baba aliwabatiza Pierre na Paul. Nyumbani waliitwa kwa majina yote hayo, kutegemea nani alikuwa anasikiliza.

Wazee walisema mapasa si watoto kama wengine. Wamekuja kwa hiari yao kuwatazama watu, na wasipopendezwa hurudi walikotoka. Ndiyo maana husalimiwa pamoja, hupewa vitu sawa, na mara ya kwanza wanapovushwa mto hawavushwi kimya. Huimbiwa, na nyimbo zenyewe ni matukano. Wanawake huwatukana wanaume, wanaume hujibu, kuhusu sura, kuhusu mwili na kuhusu mambo ya chumbani, na haruhusiwi mtu kukasirika. Baba wa mapasa hutukanwa kuliko wote, na sharti ajibu mwenyewe. Tusi lisilojibiwa, walisema, huwabakia watoto.

Mama yake mama, Nkambo Mujinga, alikuwa na mguu mbovu na hakuweza kuja kambini. Alimtuma mjomba na maneno haya: "Mulete batoto nibaone. Lakini basivuke mayi kimya. Mukibavusha kimya, batakatala."

Baba alisikiliza akiwa amesimama. "Batoto banabatizwa tayari," akasema. "Batavuka na alama ya musalaba."

Mama hakubishana. Lakini kabla ya mapasa alikuwa amemzika binti yake, dada yangu Agnès, na tangu hapo kila habari ya watoto kurudi walikotoka aliisikiliza kwa masikio mawili. Niliona jinsi alivyowafunga wale wadogo siku ya safari: alifunga kitambaa, akafungua, akafunga upya.

Tuliondoka Jumapili baada ya misa, wakati wa kiangazi, nyasi zikiwa za manjano na mto ukiwa mwembamba. Baba alitangulia. Mama alimbeba Kyungu mgongoni, mdogo wake, Mama Mudogo Kapinga, akambeba Kabange, na mimi nilimkumbatia kuku wa Nkambo.

Penye vidimbwi palikuwa na wanawake wengi. Aliyekuwa kichwa chao ni Mama Kasongo, mwenyewe mzazi wa mapasa waliokwisha kuwa wanaume wenye ndevu. Walipoona migongo miwili ina watoto wa umri mmoja, waliweka chini vikapu, wakafuta mikono, wakajipanga kando ya njia wakitabasamu. Baba aligusa kofia yake.

"Bonjour, mesdames," akasema, akapita.

Sijaona tena watu wazima wakivunjika moyo namna ile. Walikuwa kama watu waliopitishiwa chungu cha karamu mbele ya pua.

Kwenye daraja baba alifanya ishara ya msalaba juu ya watoto, akatangulia kwenye magogo. Mama akaweka mguu wake wa kwanza. Kyungu akaanza kulia. Kabange akamwitikia kutoka mgongo wa pili. Mama akarudi nyuma. Wakanyamaza wote wawili. Akaweka mguu tena. Wakalia tena, kwa hasira, vichwa vimerushwa nyuma. Akarudi, kimya.

Leo naweza kueleza. Magogo yalitikisika, na mgongo wa mama ulikuwa umekauka kwa hofu. Mtoto mchanga husoma mgongo kuliko sisi tunavyosoma gazeti. Naweza kueleza, lakini siku ile nilisimama pale na kuku wangu bila shaka yoyote. Walikuwa wanakataa, kama Nkambo alivyosema.

"Tata karani!" Mama Kasongo akamwita baba kutoka vidimbwini, hatua chache nyuma yetu. "Batoto banakatala! Njo batoto bako kabisa, kichwa nguvu!"

"Ubaambie na kifaransa," mwingine akasema, "pengine batasikia!"

Wakacheka. Baba alikuwa katikati ya daraja, mgongo umenyooka, anatazama ng'ambo.

Mama akaketi chini ukingoni. "Tata Pierre," akasema, "mi siwezi kubavusha vile."

"Basi turudie ku nyumba."

"Na mama yangu? Ule hana miguu ya kuya kwetu. Atabaona siku gani?"

Baba akageuka polepole juu ya magogo. Nilimtazama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona mtu mzima ambaye hajui la kufanya. Mbele yake palikuwa na mama mkwe anayesubiri, nyuma yake mke aliyeketi kwenye vumbi na watoto waliokuwa wametulia kwa sababu tu hawavuki. Kisha akavua kofia. Baba hakuwa akivua kofia ila kanisani na mbele ya mkurugenzi. Akarudi ukingoni, akaniwekea ile kofia kichwani ikanifunika macho, akamgeukia Mama Kasongo.

"Mama, anza."

Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. "Muangalie miguu ya tata wa mapasa!" akapaza sauti, na wenzake wakapiga makofi kwa mpigo. "Alizivalisha soksi sababu zinaona haya! Zinasema: tata, tufunike, batu basituone!" Kutoka kwenye soksi akapanda juu ya magoti, na maneno yaliyofuata siyaandiki. Nilisomeshwa na masista.

Alipomaliza, makofi yakanyamaza. Wote wakamtazama baba. Nilisukuma kofia nyuma nami nikatazama. Baba alisafisha koo kama alivyofanya kabla ya kusoma waraka.

"Mama Kasongo," akasema, "muhogo yako inanuka mupaka ku biro yetu ya kazi. Bwana yako anaikula kila siku, sababu pua yake ilikufa siku alikuoa."

Wanawake walitazamana kama watu wasioamini masikio yao. Halafu mwanamke mmoja akakaa majini na nguo zake zote. Mama Kasongo alijipiga mapaja, machozi yanamtoka. "Aa-aa! Kumbe karani iko na kinywa! Ongeza, tata, ongeza!"

Baba akaongeza. Aliimba. Ilikuwa ile sauti nzito ya Kilatini, lakini maneno yalikuwa ya Kiluba cha kwao, ubeti juu ya ubeti, na alijua yote. Hakuna aliyemkumbusha hata neno moja. Sikuyaelewa wakati ule. Nilikuja kuyaelewa ukubwani, nikalazimika kutafuta kiti.

Tulivuka hivyo. Wanawake waliacha mihogo yao, ikatufuata harufu yake tu. Wao wenyewe, wengine walitangulia, wengine wakafuata nyuma, daraja likayumba kuliko mara ya kwanza. Kyungu alikuwa ametulia, macho wazi. Kabange alilala. Upande wa pili walimvika mama majani ya kutambaa, wakawapaka watoto chokaa nyeupe kwenye paji la uso, na njia nzima mpaka kijijini ilikuwa wimbo na majibu, baba akijibu peke yake kwa niaba ya wanaume wote.

Nkambo Mujinga alitusikia kabla ya kutuona. Tulimkuta amesimama mlangoni, ameegemea fimbo, uso unang'aa. Lakini sasa palikuwa na tatizo. Kwetu mwanaume hamtazami mama mkwe usoni, wala hawasemezani, sembuse kutukanana, hata siku ya mapasa. Umati ukatulia kuona itakuwaje. Nkambo akatugeuzia mgongo, akaukabili mlango wake mwenyewe, akaunyooshea fimbo.

"We mulango! We mulango ya soksi! Uliiba mutoto yangu muzuri, ukamuzalisha babili mara moja, sawa mbuzi!"

Baba aliinama. Nilidhani ameshindwa. Kumbe alikuwa anamtafuta kuku mikononi mwangu. Akamwambia kwa upole, karibu na sikio, lakini kwa sauti ya kufika mbali:

"Kuku, usikie. Ule mulango iko muzee. Inalia asubui na mangaribi, na hakuna mutu anaitia mafuta."

Ilibidi Nkambo ashikwe asianguke kwa kicheko. Aliwapokea wajukuu wake wote wawili kwa pamoja, mmoja kila mkono, akakaa nao chini palepale kizingitini, akavuta harufu ya vichwa vyao. Mama alikaa karibu naye, bega kwa bega, na bega lake lilikuwa limelegea. Yule kuku hakuchinjwa. Nkambo alisema kuku huyo anajua mambo mengi mno, akaamuru tuletewe bukari, ugali wetu, na samaki.

Tuliondoka jua likiwa bado juu ya miti. Ng'ambo ya mto vidimbwi vilikuwa vitupu, wanawake wamekwenda nyumbani. Kwenye daraja baba alisimama, akatazama huku na huku ukingoni, akaanza kuimba tena, kwa sauti ya chini.

"Tata Pierre," mama akasema, "ile ya kwanza ilitosha. Banavuka mara moja tu, banamaliza."

"Najua," baba akasema. Akamaliza ubeti wake, ndipo akakanyaga magogo.

Jumatatu alirudi bohari na soksi zake, na hakuwahi kuizungumzia siku ile. Kyungu na Kabange walikua. Ni wazee leo, na bado wanagombana. Mimi nimeishi kati ya watu waliosema zile zilikuwa hofu za kipagani, na watu waliosema ni mali ya mababu isiyoguswa. Pande zote mbili zimenitaka niamue, na sijaamua. Hofu ilikuwapo, niliiona mgongoni mwa mama. Lakini ule ubeti wa mwisho baba hakuuimba kwa hofu. Hakuna aliyemlazimisha, hakuna aliyekuwa akilia. Nadhani alikuwa mtu aliyependa kuimba nyimbo za kwao, akangoja miaka mingi apewe sababu. Na alipoipata, hakutaka kuvuka kurudi kambini kabla hajaimba ubeti mmoja zaidi.