Mwanamke Jeuri

Nikiwa mdogo, kwetu Muleba, maiti akiwa bado hajazikwa hakuna aliyegusa udongo kwa jembe. Anayelima siku ya msiba, tuliambiwa, anawaitia wote mvua ya mawe. Niliamini, na hata leo sijaacha kabisa.

Baba alipofariki, mdogo wake alianza kukitaka kibanja chetu cha migomba na kahawa. Alimwambia mama arudi kwao Rwamishenye, mara kwa upole, mara kwa vitisho. Mama akagoma. Ndipo neno jeuri likaanza kumfuata, kisimani, kanisani, mpaka shuleni nikaitwa mtoto wa yule jeuri. Liliniuma sana.

Kisha baba mdogo naye akaugua ghafla, akafa. Mwili ukiwa bado ndani kwake, mama alichukua jembe akaenda kulima. Bibi, aliyewazaa marehemu wote wawili, alimfuata shambani akamsihi aliweke chini.

“Mama,” akajibiwa, “siku mume wangu amelala ndani, huyu mdogo wake alikuwa hapa anapima kibanja kwa hatua.”

Bibi akarudi msibani. Mchana mawe yakanyesha. Yalichana migomba ya kijiji kizima, na yetu pia. Kama ni jembe lililoyaita, mimi sijui. Huku kwetu mawe huja hata bila kuitwa. Lakini siku ile nani angesikia hayo?

Baada ya mazishi wazee wa ukoo walikuja mlangoni. Walisema mama amemdharau marehemu na kuwatia watu njaa, afungashe aondoke. Mama hakujitetea. Nilishika kanga yake nikilia, maana nilijua tunafukuzwa.

Bibi akainuka, macho yamevimba.

“Jembe nilimpa mimi,” akasema. “Nifukuzeni mimi.”

Nani angemfukuza mama mwenye msiba? Wakaaga, wakaondoka.

Sasa naishi Kahororo, na neno lile nalisikia sokoni Bukoba kwa maana nyingine. Mtu akitajiwa bei ya samaki sato mkubwa anacheka, anasema hana jeuri hiyo, yaani hana ubavu nayo. Zamani nilidhani ni maneno mawili. Mama bado yupo kwenye kibanja kile, na kukiwa na msiba, wa yeyote yule, jembe lake halitoki ndani. Lakini wakitaja jeuri, mimi namwona bibi, kaburi la mwanawe likiwa bado bichi, akiwadanganya wanaume wale bila kupepesa macho.