Mstari Ulionyooka Mno

Jamani, hii aibu ningeizika kabisa, lakini kwa vile Mama anaisimulia kwenye kila harusi, bora niwaambie mwenyewe kabla haijawafikia ikiwa imetiwa chumvi.

Mnajua kazi yangu pale mjini: nabuni vibao vya shaba vinavyopokea mawimbi ya maikrowevu (si ile ya kupashia wali, nimechoka kueleza) kwa mlango mmoja, halafu vinayagawa sawasawa kwa milango minne. Kugawa mawimbi ya masafa machache ni rahisi. Mtihani ni kugawa mengi, ya chini mpaka ya juu, bila kupendelea. Ukifaulu, mashine ya kupimia inakuchorea mstari ulionyooka toka mwanzo hadi mwisho, na mimi huo mstari nilikuwa nautafuta hadi ndotoni.

Siku hiyo niliweka mistari miwili kwenye kioo cha mashine, ule uliopigiwa hesabu na kompyuta na ule wa kibao chenyewe, nilinganishe. Ikanichanganya macho, nikaficha mmoja. Hapo hapo Mama akapiga simu kutoka kwake mtaani Parklands, nikatoka nje kuongea, niliporudi nakuta mstari umenyooka kama rula. Nikampigia Mama tena nikamwambia kibao kimekubali, naye akasema anakuja na mahamri. Mwenzangu Wekesa akakimbia kumwambia bosi wetu, Daktari Akinyi, na Daktari, ambaye alikuwa na wageni wawili wanaotafuta vibao kama hivyo kwa mitambo yao, akawaleta wote maabara.

Nilivyoeleza siku hiyo, mngenipa kura. Wageni wanaitikia kwa vichwa, Wekesa anachukua video, Mama amesimama na buibui lake na kontena ya mahamri, machozi yanamlengalenga.

"Rukia, hebu nipe nikishike, nipigwe picha nacho," akasema.

Nami kwa furaha nikakifungua kutoka kwa mashine, nikamwekea kiganjani. Picha ikapigwa. Wageni wakakikazia macho kioo cha mashine (nikadhani ni heshima).

"Rukia," Daktari akasema polepole, "kibao kiko kwa mama. Hiyo mashine inapima nini?"

Nikageuka. Mstari uko pale pale, umenyooka, haujali. Kumbe niliuficha ule wa kweli, nikasherehekea hesabu za kompyuta.

Nikakirudisha kibao, nikauwasha mstari wa kweli: unaenda vizuri, unaenda vizuri, halafu katikati unatumbukia kama barabara ya mtaa baada ya mvua. Mgeni mmoja akakohoa. Wekesa ghafla akawa na shughuli na kamba za viatu vyake.

"Si hii nusu ya kwanza imenyooka?" Mama akauliza. "Wape hiyo nusu."

Wageni wakacheka, na Daktari akashindwa kujizuia, wakala mahamri wakaniambia niwaite nikimaliza nusu iliyobaki. Nikaimaliza kweli (lehemu ya mlango mmoja ilikuwa imepasuka), wakarudi, wakavichukua vibao vyangu.

Lakini siku hizi, hata nione mstari mzuri namna gani, simpigii mtu simu. Kwanza naugusa kwa kidole waya unaounganisha kibao na mashine, nione mstari ukitetemeka. Usipotetemeka, najua ni hesabu za kompyuta tu, nanyamaza, nakunywa chai.